Uliwahi kufundishwa na mwanajeshi mstaafu? Tupeane kumbukumbu

#1
Wakuu, salaam. Tumempoteza mwalimu wetu wa hesabu, ambaye jioni alikuwa kocha wa voliboli, na kabla ya yote hayo alikuwa jeshini. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Ualimu najua pa kuanzia, ukocha ndio usiseme. Sehemu ya jeshi nimeandika "alilitumikia taifa kwa uaminifu", kalamu ikagoma, maana mwenyewe hakuwahi kutusimulia. Tulichoona ni mabaki tu: kamba za viatu zilizochomekwa ncha ndani, saa iliyovaliwa kioo kikitazama upande wa kiganja, na "mguu sawa!" iliyomtoka hata kwenye kikao cha wazazi. Mliofundishwa na watu wa namna hii, leteni yenu.

#2
Pole mkuu. Wangu alifundisha historia. Tukifika kwenye vita alikuwa anasoma kitabu neno kwa neno, yeye ambaye mada nyingine alizimwaga kutoka kichwani. Siku moja mropokaji mmoja wa viti vya nyuma akauliza, "Mwalimu, uliwahi kuua mtu?" Darasa zima kimya. Akamtazama, akasema, "Aya inayofuata, soma wewe." Basi. Jioni uwanjani kijana huyohuyo akapangwa namba tisa kama kawaida, bila kinyongo. Vita asivyovisimulia usimwandikie. Andika alivyoishi na watu baada ya hapo.

#3
Wapenzi wa kikapu mnamjua John Wooden wa Marekani. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza sekondari, akaingia jeshi la majini wakati wa Vita Kuu ya Pili, akawa luteni. Alipotoka akaendelea na ukocha, na pale chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, akachukua ubingwa wa vyuo mara 10 ndani ya miaka 12, kuanzia 1964 hadi 1975. Lakini waliocheza chini yake husimulia habari ya soksi. Msimu unaanza, vijana warefu kama milingoti, nyota huko walikotoka, anawakalisha chini na kuwafundisha kuvaa soksi: vuta, pitisha mkono, hakikisha hakuna kunyanzi kisiginoni wala vidoleni. Kunyanzi huleta lengelenge, na lengelenge hukuweka nje ya mazoezi. Alifariki 2010 akiwa na miaka 99, na bado soksi zinatajwa sambamba na makombe. Mleta mada, tafuta soksi za mwalimu wako.

#4
Mimi nitaharibu sherehe kidogo. Wa kwetu, mmoja akichelewa timu nzima inapiga pushapu. Kulikuwa na mwenzetu mwenye pumu, akawa anajificha chooni mpaka filimbi ya pili. Tulishinda sana, ila sitasema ilikuwa sawa. Mtoto wa shule si kuruta. Na msibani kwake nilikwenda, nikalia kuliko ndugu zake. Nielezeni nyie.

#5
Naandika kama binti wa mmoja wao. Nyumbani hakukuwa na gwaride lolote, baba alikuwa mpole mpaka paka anazalia ndani ya buti zake na hamfukuzi. Alipofariki tulikuta daftari lenye majina ya wachezaji wake, mbele ya kila jina namba ya kiatu, na alama ya vema kwa waliokwisha kupata. Hatukuwa na habari kwamba ananunulia watu viatu. Mama miaka yote alikuwa na dhana nyingine kabisa kuhusu mshahara unakoishia 😀

Mkuu, cheo, kikosi na miaka usikisie. Iombe familia hati yake ya kustaafu jeshi, au mtafute aliyekuwa naye kikosini. Askari wenzake wakija kumzika halafu usome cheo kisicho chake, watanong'ona mpaka kaburini.

#6
Mleta mada hapa. Asanteni sana. Hati mkewe ameahidi kunipa kesho. Soksi zake nadhani ni hizi: kabla ya mechi alikuwa anakagua kucha, asiyekata hagusi mpira, na kikatia kucha alikuwa nacho yeye mfukoni. Mara nyingi aliishia kuwakata mwenyewe, huku akifoka. Hiyo naiweka juu, kabla ya jeshi. Na wewe #4, pushapu nazo naziandika, hata sisi tulizipiga. Wasifu unasomwa Jumamosi, wenye mengine endeleeni kushusha.