Mrejesho: riboila iliyogoma kila tukiongeza mvuke

Wakuu, narudi kwenye lile swali la riboila (kifaa cha kuchemshia kimiminika kwa joto la mvuke) ya mabomba wima chini ya mnara wa kukenekea, yaani wa kutenganisha vimiminika kwa kuvichemsha: mbona tukiongeza presha ya mvuke wa kupashia, uchemkaji unashuka?

Waliosema tupunguze presha walipatia kabisa. Ukuta wa bomba ulikuwa na joto kali mno kuliko kimiminika, ukafunikwa na utando wa gesi, na gesi hupitisha joto vibaya. Tulipofunga vali taratibu, maji ya mvuke uliopoa yakaanza kutoka kwa wingi kwenye ganda linalozunguka mabomba, ishara kwamba joto sasa linapita vizuri. Raha iliyoje! Tukifungua tena, yanapungua.

Kwenye usanifu mpya naanza na kikomo cha joto linaloweza kupita kwa kila mita ya mraba ya ukuta wa bomba kabla utando huo haujatokea, ndipo nihesabu mabomba. Bomba la kurudishia kilichochemshwa mnarani nalipanua pia. Likibana, mzunguko wa kimiminika unadhoofika. Asanteni sana.