Mtu mmoja, NIDA na BI: tunaoanishaje rekodi bila kuchanganya watu?

kusini_data (Mtwara):
Wakuu, naomba msaada wa kiufundi. Ni mfumo wa vibali vya wafanyabiashara wadogo wanaopita Daraja la Umoja, upande wa Mtambaswala. Anayeingia anajitambulisha kwa namba ya NIDA (mamlaka ya vitambulisho vya taifa ya Tanzania) au kwa BI, kitambulisho cha taifa cha Msumbiji. Sasa kuna raia wa Msumbiji wakaazi wa Masasi na Nanyumbu wenye kitambulisho cha NIDA cha mgeni mkaazi, na BI zao bado hai. Kwenye jedwali mtu huyo ni watu wawili wenye vibali viwili. Tumelinganisha majina matatu na tarehe ya kuzaliwa: wengi hawakutani, na wachache wanakutana wasiohusiana. Tuanzie wapi?

mto_lukuledi:
Kabla ya majina, kagueni namba. Ya NIDA ina tarakimu 20 na inaanza na 19 au 20, kwa hiyo haienei kwenye namba kamili ya biti 64, hata ile isiyobeba hasi. Ikipitia Excel ndiyo balaa: inashika tarakimu 15, tano za mwisho zinageuka sifuri, na waliozaliwa siku moja wakasajiliwa eneo moja wanaweza kugongana. BI ina tarakimu 12 na herufi moja mwishoni, na makarani huiacha hiyo herufi. Hifadhini zote kama maandishi, bila vistari wala nafasi. Ufunguo wa rekodi uwe jozi: nchi iliyotoa, kisha namba. Pasipoti isiwe ufunguo, maana ikihuishwa namba inabadilika.

makonde_sql:
Majina hayakutani kwa sababu ya tahajia ya Kireno. Hamisi ng'ambo ya Ruvuma anaandikwa Amisse. Shabani ni Chabane, Rashidi ni Rachide, Bakari ni Bacar, Athumani ni Atumane. Soundex, ile kanuni ya kulinganisha majina kwa matamshi ya Kiingereza, haiwafai: inashikilia herufi ya kwanza, kwa hiyo Hamisi na Amisse wanaachana mlangoni.

Tungeni kanuni zenu, na zipite pande zote mbili: ondoa alama za juu (Saíde iwe Saide), ch na x ziwe sh, th iwe t, c na qu ziwe k, herufi pacha iwe moja, h ya mwanzo ifutwe, irabu ya mwisho ikatwe. Mpangilio ni muhimu. Mkianza na c kabla ya ch, Chabane anageuka Khabane. Selemani na Sulemane, Muhamadi na Momade hawatanaswa na kanuni yoyote ya maana. Hao watengenezeeni kamusi ndogo ya jozi. Msijali nafasi ya jina pia: sisi tunaandika la mtu, la baba, la babu, ilhali BI inatenga jina la ukoo na majina mengine.

Halafu kila kipengele kinacholingana kipeni uzito, yaani alama za ushahidi kwamba ni mtu mmoja, kwa njia ya wanatakwimu Fellegi na Sunter ya 1969: logi ya msingi wa 2 ya m kugawa kwa u. m ni uwezekano wa kipengele kulingana kwa mtu yuleyule, u ni kulingana kwa bahati tu kati ya watu wawili. Tarehe ya kuzaliwa yenye m ya 0.95 na u ya 1/22,000 (siku za miaka 60 hivi) inapata kama 14. Ila 1 Januari mara nyingi siyo tarehe, ni karani aliyetajiwa mwaka peke yake. Tuseme 1 Januari 1970 imebeba 0.003 ya rekodi zenu: uzito unashuka hadi 8. Jinsia haifiki hata 1. Hizo u zihesabuni kwenye jedwali lenu, msiazime.

Na mapacha! Hasani na Huseni wana tarehe moja, baba mmoja, babu mmoja. Jina la kwanza likikataa, mengine yasimbebe.

shangani_mtandao:
Hesabu safi, lakini ziishie kupendekeza. Hata Ulaya, ambako kanuni ya utekelezaji ya 2015 chini ya eIDAS (sheria yao ya utambulisho wa kidijitali ya 2014) inadai jina la ukoo, jina la kwanza, tarehe ya kuzaliwa na kitambulisho cha kipekee, bado wanakwama: kinachotoka Ujerumani hubadilika kadi ikibadilishwa. Marekebisho ya eIDAS ya 2024 yakaongeza kifungu cha 11a kuhusu kuoanisha tu.

Mtu akiingia kwa BI na mfumo ukaona inayofanana, mwambieni ipo, msimwonyeshe jina wala namba, maana huenda ni ya mwenzake. Athibitishe NIDA papo hapo, ndani ya kipindi kilekile, dakika 10 zinatosha. Ndipo muandike kiungo kati ya rekodi hizo mbili. Rekodi zote mbili zibaki. Mkiziunganisha ziwe moja, siku ya kosa hamtaweza kuzitenganisha. Na msizigeuze orodha ya washukiwa: mgeni mkaazi mwenye NIDA na BI hajavunja kitu. Ulinganisho ufanyike hapahapa, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi.

kusini_data:
Nimewapata. Namba tukizisaga kwa SHA-256 (hesabu ya kuzigeuza kuwa alama zisizorudishika) kabla ya kuhifadhi, inatosha?

mto_lukuledi:
Haitoshi, mkuu. Nane za mwanzo za NIDA ni tarehe ya kuzaliwa. Anayeijua amebakiwa na 12, yaani trilioni moja, na kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro inazimaliza kwa dakika chache. Tumieni HMAC, yaani usagaji unaochanganya na ufunguo wa siri, na ufunguo huo ukae nje ya kanzidata.