Naomba ushauri: tupime vipi huduma za jiji?

Wakuu, habari zenu. Nipo kitengo cha mipango cha jiji, na tunaandaa viashiria vya utendaji kwa ajili ya mpango mpya wa maendeleo. Kinachonisumbua ni kwamba idara nyingi zinaleta hesabu za kazi, siyo matokeo. Usafi wanahesabu tani za taka zilizozolewa, wakati mwananchi anataka kujua kama mtaa wake umebaki safi. Maji wanaandika kilomita za bomba. Saa ambazo maji yanatoka kwa siku hakuna anayeziandika! Halafu wastani wa jiji zima unaficha kata zilizosahaulika, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nimesoma kuhusu CitiStat, mfumo wa jiji la Baltimore, Marekani, wa kufuatilia utendaji wa idara zake, ulioanza mwaka 2000: wakuu wa idara walihojiwa kuhusu takwimu zao kila baada ya wiki mbili. Kuna pia ISO 37120, kiwango cha kimataifa cha viashiria vya huduma za miji kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2014, ila viashiria vyake ni vingi mno kwa timu ndogo.

Mliowahi kuifanya kazi hii, mlianza na viashiria vingapi kwa kila idara? Na mlizuiaje takwimu kupikwa pale bajeti inapotegemea malengo kufikiwa?