Kirikuu (pikapu ndogo): klachi ya kebo niibadili iwe ya haidroliki, yaani ya kusukumwa na mafuta, au niiache?

Mzigo_Kibirizi
Wakuu habari za leo. Nina gari ya kazi, klachi yake ni ya kebo. Tangu mwaka uanze nimekata kebo tatu, na pedeli imekuwa nzito hadi jioni goti la kushoto linawaka moto. Fundi mmoja hapa Kigoma anasema ang'oe kebo yote anifungie masta (pampu ya mafuta kwenye pedeli) na slevu (pistoni inayosukumwa na mafuta hayo kule kwenye giaboksi). Mwingine anasema nitafute kebo orijino nitulie. Yule wa kwanza anataka nusu ya hela Jumamosi. Nichukue ipi?

Fundi_Ujiji
Gari gani? Injini gani? Kebo inakatikia juu kwenye pedeli au chini kwenye foku, ule mkono unaosukuma beringi ya klachi? Presha pleti, ile yenye spring inayobana klachi pleti, ilibadilishwa lini? Mkuu, hujatupa kitu cha kukushauri.

Dereva_Nzega
Haidroliki, wala usiumize kichwa. Nimeendesha Hilux miaka sita, pedeli ni laini na sijawahi kurekebisha kitu. Kebo ni teknolojia ya kizamani.

Fundi_Ujiji
Dereva, Hilux ilizaliwa na masta. Hapa tunazungumzia gari iliyozaliwa na kebo. Hiyo ni habari nyingine kabisa.

Mzigo_Kibirizi
Samahani wakuu. Ni Suzuki Carry, kirikuu yenye injini ya F6A. Kila alfajiri napandisha dagaa kutoka Kibirizi hadi soko la Mwanga. Kebo zote zimekatikia chini, karibu na giaboksi. Presha pleti sijaigusa tangu ninunue gari 2019.

Fundi_Ujiji
Sasa tunaongea. Kebo tatu kukatika mahali pamoja, kosa si la kebo. Kwenye kirikuu kebo inapita chini ya sakafu mpaka nyuma ya viti, inakula tope na vumbi njia nzima. Ingia chini, uichomoe kwenye foku, kisha utikise foku kwa mkono. Ikicheza juu na chini, bushi za shafti yake zimekwisha na kebo inavutwa upande, ndiyo maana nyuzi zinakatika mmoja mmoja. Halafu presha pleti iliyochoka inafanya pedeli kuwa nzito. Ukifunga masta juu ya ugonjwa huo, ugonjwa wenyewe utabaki pale pale.

Ukiamua haidroliki, muulize fundi wako maswali haya kabla hujatoa hata shilingi:

Kwanza, kebo inavuta foku, slevu inasukuma. Ataiweka upande gani, na kishikio chake atakifunga wapi? Kikichomelewa kwa bati jepesi kitapinda, na safari ya foku, yaani umbali inaosogea, itapotea.

Pili, masta ya ukubwa gani na slevu ya ukubwa gani? Namba mara nyingi zipo ubavuni, kama 5/8 au 3/4. Masta ya 5/8 ikisukuma slevu ya 3/4, pistoni ya masta ikienda milimita 30, ya slevu inakwenda kama 21 tu. Pedeli inakuwa laini, lakini safari inapungua. Isipotosha, gia zinasaga. Ikizidi, unaziumiza spring za presha pleti. Kwa hiyo apime kwanza kebo ya sasa inavuta foku milimita ngapi.

Tatu, beringi yako ya klachi haikutengenezwa kugusa presha pleti muda wote. Slevu nyingi zina spring ndani inayosukuma daima. Itolewe, na foku iwekewe spring ya kuirudisha.

Asali_Sikonge
Kaka Mzigo, nisikilize mimi niliyepitia. Nilikuwa na Suzuki ndogo ya kubebea asali, nikabadilishiwa klachi ya kebo ikawa ya haidroliki hapa Tabora. Wiki ya kwanza raha tupu. Wiki ya pili nikaona mafuta ya masta yamepungua. Kijana wa gereji moja akaniongezea kutoka kwenye galoni lake, akaniambia mafuta yote ni mafuta. Kumbe ni oili ya injini. Siku tatu baadaye, natoka Ipole kurudi Sikonge na ndoo kumi na nane za asali, pedeli ikaanza kurudi polepole, kisha ikagoma kurudi. Injini inalia, gari haiendi, na harufu ya klachi kuungua imejaa ndani. Nililala porini na mwanangu wa miaka tisa.

Fundi alipofungua masta alinionyesha raba mkononi: imevimba, laini kama ufizi, haiingii tena kwenye tundu lake. Ilikuwa imeziba kile kitundu cha kurudishia mafuta, klachi ikabaki imekanyagwa nusu hadi pleti ikaungua. Nilinunua masta, slevu, mpira wa kupitisha mafuta na klachi pleti. Kwa hiyo ukifunga, andika kwenye mfuniko kwa rangi aina ya mafuta ya breki: DOT 3 PEKE YAKE. Na usimwachie mtu yeyote akuongezee.

Dereva_Nzega
Pole sana dada. Ila kosa ni la yule kijana, si la haidroliki.

Asali_Sikonge
Kweli. Lakini kebo haina mahali pa kumiminiwa oili.

Mzee_wa_Reli
Vijana, mnakwepa jambo moja. Kirikuu imetengenezwa kubeba kilo 350. Mzigo, unapakia kiasi gani?

Mzigo_Kibirizi
Mzee wangu, siku ya dagaa wengi nafika hata mia saba.

Mzee_wa_Reli
Na kwenye mlima wa Mwanga foleni ikisimama, unaishikilia gari kwa breki au kwa klachi?

Mzigo_Kibirizi
Kwa klachi, mzee. Breki ya mkono haishiki.

Mzee_wa_Reli
Anza na breki ya mkono, mwanangu.

Dereva_Nzega
Mzee, kilo 350 mtu hapati hata hela ya petroli. Sote tunazidisha.

Fundi_Ujiji
Na sote mnaniletea giaboksi. Dereva, mzigo ukizidi kwenye mlima, klachi pleti inaisha iwe ya kebo, iwe ya mafuta.

Kazuramimba_Spea
Faida moja ya kebo hamjaisema: ya akiba inalala chini ya kiti. Ikikatika njiani, spana mbili na nusu saa umeondoka. Slevu ikivuja huku kwetu, unasubiri kifurushi cha basi kutoka Dar. Na wanaopaka grisi kebo yenye plastiki ndani waache, vumbi linaganda humo.

Mzigo_Kibirizi
Wakuu, nimeingia chini ya gari leo. Foku inacheza, tena sana. Kebo inavuta milimita 19 kwa rula. Fundi wa haidroliki nimemuuliza ukubwa wa masta, amesema atajua akifika kwenye duka la spea. Hela sijampa. Ila goti bado linauma na mke wangu anasema nibadilishe tu. Bushi za foku ya F6A zinapatikana hapa mjini, au niagize?

Fundi_Ujiji
Usiagize kabla hatujaishusha giaboksi, huenda shafti nayo imelika. Njoo nayo Jumapili.

Dereva_Nzega
Mimi bado nasema haidroliki.

Asali_Sikonge
Fundi, na kebo ya breki ya mkono ya kirikuu unayo? Ndugu yangu anaitafuta.