Modeli ya Scania ya 1/24 iliyotoka kupakia mbao msitu wa Sao Hill: vumbi lake nalifanyaje?

Mbalizi

Wakuu salaam. Nina modeli ya Scania 143 ya kampuni ya Italeri, skeli 1/24, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 24. Kebini na chesisi nimeshaviunga, na naigeuza iwe 113, maana hizo ndizo nilizokua nikiziona zikipanda Mlima Nyoka. Kwa nje kazi si kubwa: tarakimu mbili za mwanzo ni lita za injini, ya tatu ni toleo, na yote mawili ni toleo la 3 lililoanza kutoka 1987. Injini ndiyo tofauti. Ya kwenye boksi ni V8, ya 113 ni silinda sita za mstari mmoja, lakini kebini yangu itabaki imelala, haitainuliwa injini ionekane, kwa hiyo hapo sisumbuki.

Tela nimelichonga mwenyewe kwa shiti za plastiki. Mzigo ni mbao za 2x4 za futi 12, ambazo kwa skeli hii zinakuja milimita 2 kwa 4, urefu milimita 152. Nimezipasua kutoka kwenye paina halisi.

Nina maswali mawili. La kwanza, sprei ya kopo niliyoijaribu kwenye kipande cha fremu inakauka na ukungu mweupe juu, na huku mvua bado hazijakata. La pili ndilo linaloninyima usingizi. Picha nyingi ninazoziona mtandaoni ni za malori ya Ulaya, tope la kijivu na kutu inayoletwa na chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa barafu. Huku kwetu hakuna hiyo. Nataka mtu aliyekulia barabara ya TANZAM, ile ya Dar kwenda Zambia, akiitazama hii gari ajue imetoka kupakia wapi. Vumbi jekundu nalipataje, na nalipaka wapi?

Uyole

Mkuu, huo ukungu ni unyevu. Thina inapokimbia haraka inaupoza uso wa plastiki, mvuke ulioko hewani unageuka matone pale na kunaswa ndani ya rangi kabla haijakauka. Msimu wa mvua usipulize asubuhi wala jioni. Subiri saa saba au saa nane mchana, siku jua limetoka. Lichovye kopo kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, si ya moto, na usilisogeze karibu na jiko hata siku moja. Kama chumba ni cha baridi, kipashe kwanza kwa jiko la mkaa, madirisha wazi, halafu jiko litoke nje kabisa ndipo ufungue kopo. Mvuke wa thina unashika moto.

Palipokwisha kuwa peupe, subiri siku kavu upulize koti jepesi la rangi ile ile. Thina mpya inailainisha ya chini na unyevu unatoka.

Na kama kopo lako ni rangi ya magari, anza na praima (rangi ya kwanza ya chini), makoti membamba sana, mengi. Thina ya rangi hizo inakula plastiki ya modeli. Ukimwaga koti zito mara moja, uso unachanikachanika na msasa hautausaidia.

Mafinga

Kaka, nashinda kwenye yadi ya mbao na haya malori nayaona kila siku, kwa hiyo niruhusu niandike kirefu.

Kosa ninaloliona kwenye modeli nyingi za "gari ya vumbi" ni kuipaka gari nzima nyekundu. Hiyo gari yako inaishi kwenye lami. Uchafu wake wa kwanza ni ule wa lami: kijivu cheusi, chembamba, kina mafuta mafuta, kimeshika ubavu wa tela, nyuma ya kebini na chesisi yote. Wekundu unakuja juu ya huo, tena kwa muda mfupi, pale gari inapoacha lami kuingia msituni au yadini. Kwa hiyo wekundu unakaa chini: kwenye tairi, ndani ya madigadi, kwenye ngazi za mlango, ubavuni mwa tangi la dizeli, na nyuma ya tela kwa sababu upepo unarudisha vumbi pale. Juu ya kebini ni kidogo sana. Ukianza na wekundu halafu kijivu, umeisimulia safari kinyume.

Vumbi lenyewe usinunue. Udongo wa kwetu upo, ila usiuchukue ulivyo. Punje ya nusu milimita kwenye skeli yako ni kokoto ya milimita 12. Ufanye hivi: weka vijiko viwili vya udongo mwekundu kwenye chupa ya maji, tikisa sana, kisha iache kidogo. Mchanga utazama. Yale maji mekundu yaliyobaki juu yamimine taratibu kwenye sahani nyingine na uyaache yatulie hadi kesho yake. Mwaga maji safi ya juu, na ule ute uliobaki chini uukaushe kwenye bati juu ya jiko mpaka uwe wa moto kabisa, ili usije ukaota ukungu. Ukishapoa, usage kwa mgongo wa kijiko. Utapata unga laini kabisa, unaingia kwenye mistari ya vidole. Kwa kijivu cha lami, saga chaki nyeusi na nyeupe, ongeza huo unga mwekundu kidogo.

Kabla ya kupaka, puliza vanishi isiyong'aa, maana unga haushiki kwenye rangi inayong'aa. Paka kwa brashi laini kavu. Pale unapotaka ushike, kama ndani ya madigadi, gusa kwa brashi yenye spiriti, uache uenee wenyewe. Usipulize vanishi tena juu yake, wekundu utazama na kuwa kahawia.

Halafu futa. Hili watu wanalisahau. Utingo anapanda na kushuka siku nzima, kwa hiyo katikati ya ngazi vumbi halikai, limebaki pembeni tu. Mshikio wa mlango ni msafi. Kioo cha mbele kina matao mawili ya waipa. Chini ya mfuniko wa tangi kuna michirizi mieusi ya dizeli, na vumbi lililoigusa limekuwa zito na lenye unyevu. Sahani ya kuunganishia tela ni grisi nyeusi inayong'aa, hapo usiweke vumbi hata chembe.

Mbao ziache safi. Zimetoka kupasuliwa, zina rangi ya njano changa. Zikishika vumbi zinasema zimelala yadini miezi.

Iringa

Mafinga amemaliza, naongeza ya kwetu. Kama gari inaelekea Dar, itashuka mlima Kitonga. Breki zinafanya kazi pale, kwa hiyo rimu zipake kahawia iliyokolea karibu na nyeusi, hasa za tela, kisha ndipo wekundu mwembamba.

Vioo usivibandike kwa supagluu. Mvuke wake unaacha ukungu kwenye plastiki angavu na haufutiki kwa kitambaa. Tumia ile gundi nyeupe ya maseremala. Ikikauka haionekani, na ikimwagika unaifuta kwa maji.

Mbalizi

Nawashukuru sana wakuu. Hilo la kijivu kwanza limenifungua macho, nilikuwa natafuta rangi moja kumbe ni tabaka. Mafinga, swali la mwisho: turubai. Nataka lifunike nusu ya mzigo, na zile kamba za mpira tunazozijua.

Mafinga

Karatasi laini ya tishu, tabaka moja tu, ilowanishe kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, uilaze juu ya mbao ikiwa mbichi. Itajikunja yenyewe kwenye pembe za mzigo, usiinyooshe. Ikikauka ipake kijani kilichopauka au bluu, na mikunjo uipitishie rangi hiyo hiyo ikiwa imeongezwa nyeupe kidogo. Mipira ya kufungia ni tyubu iliyochanwa, kwa hiyo chana glovu nyeusi ya mpira, vipande vya milimita moja, uvivute kidogo unapofunga ili turubai libonyee pale panapopita mpira. Fungia kwenye ndoano za ubavuni mwa tela. Kama hujaziweka, zikunje kutoka kwenye waya mwembamba wa shaba kabla hujapaka rangi.

Namba ya gari na namba ya tela usizifananishe, kila moja inasajiliwa kivyake.