Tupeane uzoefu: jengo gani la Arusha linakuumiza macho?

Wakuu, salaam kwenu wa Arusha na mnaopita tu.

AFCON ya 2027 inakuja na kila siku tunasikia habari za barabara, taa na uwanja. Majengo hatuyagusi. Naomba kila mtu aseme la mtaani kwake, lipi linamkera na kwa nini. Tusitaje mmiliki wala kampuni. Tuseme jengo linamfanyia nini anayelipita.

Naanza na langu. Ni ghorofa la vioo vya bluu, si mbali na Barabara ya Sokoine. Zamani pale palikuwa na safu ya maduka ya Wahindi, mafupi, ya bati, yenye kibaraza mbele. Masika ikikukuta mjini ulikuwa unatembea chini ya vibaraza, unavuka tu mtaa, unaendelea mpaka karibu na Soko Kuu bila kulowa. Mafundi cherehani walikaa humo, wazee walisubiria gari humo. Ghorofa hili limemeza kibaraza chote, kisha ngazi zake zimeteremka hadi mdomoni mwa mtaro. Na ni za marumaru ya kung'aa. Mvua ikinyesha zinateleza vibaya, hivyo mama mwenye ndoo ya ndizi kichwani anashuka barabarani kupishana na bodaboda. Nimeona mmoja akianguka pale, ndizi zikasambaa hadi kwenye magurudumu. Jioni jua likigeukia magharibi, vioo vinarudisha mwanga wote machoni mwa madereva. Ndani wamefunga mapazia mchana kutwa na kuwasha viyoyozi, katika mji ulio mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari! Dirisha la kufunguka lingetosha.

Karibuni.

MDAU WA NGARENARO
Kwetu ni fremu. Nyumba nzuri za familia zimebomolewa ukuta wa mbele zikawekwa fremu nne au tano, halafu upande wa barabarani unapakwa rangi ya mtandao wa simu. Ukizunguka nyuma unakuta tofali tupu bila lipu. Mtaa mzima umekuwa tangazo.

MAMA WA SAKINA
Mimi langu ni pagale. Lilifika ghorofa ya pili likaishia hapo, nondo zimechomoza juu, mabanzi yameoza, chini kuna shimo linalojaa maji kila masika na kutuzalishia mbu. Asubuhi nilikuwa nikifungua mlango nauona Meru wote, mpaka theluji ya siku za baridi kali. Sasa naona nondo. Lakini kinachoninyima usingizi ni watoto. Wanapanda mule kucheza, hakuna mlango, hakuna ukingo. Tumemwendea mwenyekiti wa mtaa, tukaambiwa mwenyewe yuko mbali. Jengo baya kuliko lote ni lile lisilo na mtu wa kumwambia.

CHALII WA KALOLENI
Mnaogopa kulisema: AICC, lile jengo la kituo cha mikutano cha kimataifa. Zege la kijivu tupu. Picha zote za jiji lazima liwemo.

MZEE WA SEKEI
Mwanangu, hapo nakukatalia. Lile lilijengwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza. Jumuiya ikavunjika 1977, na mwaka uliofuata likawa kituo cha mikutano. Majengo yake matatu yana majina ya kwetu: Kilimanjaro, Serengeti, Ngorongoro. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyohukumu mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa humo mpaka 2015. Limesimama ndani ya eneo lake, halijamnyang'anya mtu njia. Na wewe wa Kaloleni unapita kila siku kwenye Mnara wa Azimio, nao ni zege. Mbona huo hukuutaja?

CHALII WA KALOLENI
Shikamoo mzee. Mnara ni mnara, umewekwa kwa ajili ya Azimio la 1967 na una umbo lake. AICC bado naliona zito. Ila habari ya njia nimekuelewa.

MZEE WA SEKEI
Marahaba. Tutofautiane tu.

FUNDI, KWA MROMBO
Niseme upande wetu. Mteja anakuja na picha ya Dubai kwenye simu anasema nataka hii. Ukimwambia aache kibaraza anahesabu fremu anazopoteza, na fremu moja inalipiwa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Hapo ramani inakufa.

Kuhusu nondo za pagale, mama ana haki ya kuogopa. Nondo ikiachwa wazi inashika kutu, kutu inavimba na kupasua zege, maji yanapata njia ya kuingia ndani ya nguzo. Mwenyewe akirudi na hela baada ya miaka anataka kuendelea kupandisha juu ya chuma kilicholiwa. Tangu ghorofa lile la Kariakoo liporomoke Novemba 2024, mimi kazi ya namna hiyo siigusi mpaka mhandisi aje apime.

DADA ANAYEJENGA MOSHONO
Fundi, nina kiwanja cha barabarani na nataka fremu tatu chini. Kibaraza kinaweza kukaa bila kuniumiza?

FUNDI, KWA MROMBO
Kinakaa, dada. Rudisha ukuta wa fremu ndani futi sita, ghorofa ya juu ibaki palepale, ibebwe na nguzo za mbele. Juu hupotezi chumba, chini unapunguza kina cha duka tu. Sakafu ya kibaraza weka saruji iliyochanwa kwa ufagio, marumaru ya kung'aa usiweke nje. Ngazi ziishie ndani ya mpaka wako. Na kama hela itaishia njiani, nondo za juu zipake rojo la saruji kisha uzifunike kwa zege jepesi, utalivunja siku ukirudi.

DADA ANAYEJENGA MOSHONO
Asante sana. Jumamosi namwambia mchoraji arudie ramani.