Maji ya bwawa yamekuwa ya kijani baada ya kuwekwa gambusia

Swali
Bwawa letu dogo halikuwahi kuwa na samaki, na maji yake yalikuwa maangavu hata tope la chini lilionekana. Tuliweka gambusia, samaki wadogo, ili wale mabuu ya mbu, na baada ya wiki kadhaa maji yakageuka kijani, ilhali hakuna mbolea iliyoingia. Samaki asiyekula mwani anauongezaje? Na je, tukiweka samaki wakubwa wa kuwala hao gambusia, maji yatatakata?

Jibu la 1
Gambusia hawaishii kwenye mabuu ya mbu. Samaki huyu huwinda kwa macho, kwa hiyo huanza na windo kubwa linaloonekana, na katika planktoni, yaani viumbe wadogo wanaoelea majini, windo hilo ni dafnia, krasteshia (jamii ya kamba na kaa) wa milimita chache tu ambaye huchuja mwani majini usiku na mchana. Dafnia wakiisha, wadogo wanaosalia hawawezi kuchuja kiasi kile, na mwani hustawi hata pasipo mbolea mpya. Mtafiti Hurlbert na wenzake walilionyesha jambo hili mwaka 1972 katika mabwawa ya majaribio yenye gambusia. Kabla yao, mwaka 1965, Brooks na Dodson walilinganisha planktoni ya Crystal Lake, Connecticut, ya mwaka 1942 na ya 1964, yaani kabla na baada ya samaki mla planktoni wa jamii ya heringi, Alosa aestivalis, kuenea humo: spishi kubwa zilitoweka, zikatawala ndogo kama bosmina.

Jibu la 2
Ningeongeza kwamba samaki wenyewe hutoa fosforasi na nitrojeni kwa kinyesi na mkojo, virutubisho ambavyo mwani huvitumia mara moja. Kuhusu samaki wakubwa, hoja ina mantiki, kwani gambusia wakipungua dafnia hupata nafuu. Lakini hao wakubwa wakizaliana, vifaranga vyao navyo huanza maisha kwa kula planktoni, na katika bwawa dogo mnaweza kujikuta pale pale. Mimi ningelikausha.

Muuliza swali
Tukilikausha, dafnia watatoka wapi?

Jibu la 1
Watatoka kwenye tope, kwa hiyo msilizoe. Dafnia hutaga mayai yenye ganda gumu yanayostahimili ukame kwa miaka, na maji yakirudi huanguliwa. Gambusia mtakaowatoa wasimwagwe mtoni. Mbu, bila shaka, watarudi pia, ingawa mabuu ya kereng'ende yatawapunguza kwa kiasi fulani.